Mpango wa Masomo ya Kompyuta Chuo Kikuu

Natumaini kila mtu amekwisha kaa mahali pake na penseli iko mkononi. Leo penseli itatufaa, maana tutafanya hesabu.

Mazungumzo yetu ni juu ya masomo ya kompyuta katika Chuo Kikuu. Najua wako watakaocheka. Watasema, "Sisi tumejua kusoma juzi tu, na huyu bwana anatuletea habari za Chuo Kikuu!" Ngojeni kidogo. Wengi wenu mna watoto au wapwa waliokwisha kwenda huko, au wanaotazamia kwenda. Nauli ya basi kutoka Tanga hata Dar es Salaam mnatoa ninyi. Chakula na chumba mnalipa ninyi. Basi si vibaya mkijua kitu mnachokilipia kinakwenda kwa utaratibu gani.

Nitaanza na habari ya jirani yangu mmoja pale Ngamiani. Ni mama auzaye samaki wa kukaanga. Mwanawe wa kiume alipata nafasi ya kusoma shahada ya kompyuta ya miaka mitatu, na mtaa mzima ulifurahi. Katika mwaka wa kwanza kijana alishindwa somo moja, yaani somo la mwanzo la kuandika programu. Programu ni yale maagizo ambayo mtu huyaandika ili kompyuta iyafuate. Akapewa mtihani wa marudio, ambao wanafunzi wenyewe huuita "sapu". Akashindwa tena. Akaambiwa alibebe somo lile mpaka mwaka wa pili, na jambo hilo wanafunzi huliita "kukeri". Yeye hakuliona kuwa neno kubwa. Somo moja tu kati ya mengi! Alikuja nyumbani likizo, akala, akalala, akarudi, asiseme kitu.

Mwaka wa pili akakuta masomo matatu yanamtaka awe amekwisha jua kuandika programu. Alikaa darasani kama mtu aliyefika barazani mazungumzo yakiwa katikati. Mawili kati ya hayo matatu akashindwa. Mwisho wa mwaka wa tatu wenzake walivaa majoho, naye akabaki mwaka mwingine mzima kwa ajili ya masomo mawili. Kulipia mwaka ule mama yake aliuza cherehani.

Nilikuwapo siku kijana alipokuja kueleza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, hilo somo ulilolibeba, hufundishwa lini?"

"Muhula wa kwanza tu, mama. Likipita, mpaka mwaka mwingine."

"Na hayo matatu yanayolihitaji, yalianza lini?"

"Muhula huo huo."

Mama akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo ulikuwa ukisimamisha mlingoti na mkuku haujalazwa. Na habari hiyo haikuandikwa po pote?"

"Imeandikwa, mama. Imo katika kitabu cha chuo. Sikukisoma."

Mwenye kukaa Pangani au Moa hahitaji kuelezwa maneno ya mama yule. Fundi wa jahazi hulaza mkuku kwanza. Kisha huweka mataruma, kisha hupiga mbao, kisha hukalafati. Chombo hakishuliwi majini kabla ya kukalafatiwa, hata mwenye chombo akiwa na haraka namna gani. Masomo ya kompyuta nayo yana mkuku wake, na mkuku huo ni mambo mawili: kuandika programu, na hesabu.

Juu ya kuandika programu hujengwa somo la miundo ya data, yaani namna ya kupanga habari ndani ya kompyuta ili zipatikane upesi. Fikirini duka lenye kanga mia tano. Ukizirundika chini, mteja akitaka moja utazipekua zote. Ukizipanga kwa rangi na kwa jina, utaipata mara moja. Ndiyo kazi ya somo hilo. Baada yake huja somo la hifadhidata, ambalo hufundisha kutunza habari nyingi za shirika au hospitali, na somo la mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayotawala kompyuta yenyewe. Mwishoni, katika mwaka wa mwisho, mwanafunzi hutengeneza kazi yake mwenyewe na kuiandikia taarifa. Kazi hiyo huyataka yote yaliyotangulia.

Hesabu ndizo vijana wanazozikimbia. Husema, "Mimi nimekuja kujifunza kompyuta, hesabu hizi za mantiki na seti ni za nini?" Nitawajibu kwa habari ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikakataza kompyuta kuingizwa nchini. Katazo lile lilikwisha kuondolewa zamani, na mashine ile ya 1965 leo haina kazi. Simu iliyomo mfukoni mwa kijana ina nguvu kuipita mara nyingi sana. Lakini hesabu za mantiki zilizoendesha mashine ile ndizo hizo hizo zinazoendesha simu hiyo, na ndizo zinazofundishwa mwaka wa kwanza. Mimi nionavyo, kijana anayejifunza jina la programu ya leo tu amenunua samaki mbichi. Kesho kutwa hatamfaa.

Sasa shikeni penseli. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo watu huiita TCU, imeweka kipimo cha kazi ya mwanafunzi, nacho huitwa krediti. Krediti moja ni saa 10 za kazi. Katika saa hizo zimo za darasani, za kusoma peke yake, za mazoezi na za mitihani, zote pamoja. Shahada ya kwanza haipungui krediti 360. Andikeni 360. Gawanyeni kwa miaka 3. Mmepata 120 kwa mwaka. Mwaka una mihula miwili, basi gawanyeni tena kwa 2. Mmepata 60. Zidisheni kwa saa 10. Ni saa 600 kwa muhula mmoja.

Tuseme muhula una majuma 15 ya kufundishwa. Saa 600 mkizigawanya kwa majuma 15, mnapata saa 40 kwa juma. Ni saa 8 kila siku, siku 5. Hiyo ni kazi kamili ya mtu mzima aliyeajiriwa ofisini! Basi kijana akikuonyesha ratiba yenye saa 20 za darasani, akakwambia kuwa saa zilizobaki ni zake za mapumziko, mwonyeshe hesabu yako. Na akikwambia kwamba ataongeza masomo mawili aliyoyabeba juu ya yale ya muhula, mwulize saa zake zitatoka wapi.

Wako pia watu wanaotaka kusoma huku wakifanya kazi. Hao wana Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, nacho kina kituo chake hapa Tanga. Mtu asiyeweza kutoa saa 40 kwa juma, akaweza kutoa 20 tu, atamaliza krediti 60 kwa mwaka badala ya 120. Shahada ya miaka 3 itakuwa ya miaka 6. Ni afadhali aijue hesabu hiyo tangu siku ya kujiandikisha, na mkewe au mumewe aijue pia.

Vyuo havifanani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina shahada ya sayansi ya kompyuta ya miaka 3, na pia ya uhandisi wa kompyuta ya miaka 4. Jina la kompyuta limo katika zote mbili, lakini safari ni mbalimbali. TCU hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka, na humo kila chuo kimeandika kinataka mwombaji awe amefaulu masomo gani. Kila chuo tena kina kitabu chake cha masomo, kiitwacho prospektasi. Ndicho kile ambacho mtoto wa jirani yangu hakukisoma.

Masomo yamegawanyika kuwa ya lazima na ya kuchagua. Ya lazima hayana shauri. Ya kuchagua ndipo vijana wanapokosea, kwa sababu wengi huchagua lile wanalosikia kuwa ni rahisi, au ambalo rafiki amechagua. Kijana anayetaka kufanya kazi ya kumbukumbu za mizigo bandarini achague yanayohusu hifadhidata na uchambuzi wa mifumo, na akiweza aongeze uhasibu kidogo. Anayependa nyaya na mitambo ya mawasiliano achague ya mitandao. Na jambo moja zaidi, ambalo pengine ni la kwangu tu: asilidharau lile somo la stadi za mawasiliano la mwaka wa kwanza. Taarifa ya kazi ya mwisho huandikwa kwa Kiingereza, nami nimeona mashine nzuri zikipewa alama ndogo kwa sababu mwenye mashine hakuweza kueleza alichokifanya.

Yule mama wa Ngamiani ana binti pia, ambaye sasa anasoma kompyuta mwaka wa kwanza. Kabla binti hajaondoka, walikaa mkekani na ile prospektasi. Mama hajui Kiingereza, lakini namba anazijua, kwa kuwa alijifunza katika darasa kama hili lenu. Binti alisoma jina la somo, mama akaliandika nyuma ya kalenda ya zamani, na mbele yake akaandika muhula wake, krediti zake, na somo linalotakiwa kuitangulia. Wakaanza na kazi ya mwisho ya mwaka wa tatu, wakarudi nyuma mpaka siku ya kwanza. Masomo yenye mengine mengi juu yake wakayapigia mstari mwekundu. Yalikuwa manne. Kalenda ile imetundikwa ukutani, karibu na jiko, na kila binti akipiga simu mama huuliza kwanza habari za yale manne.

Kazi ya darasa. Mwalimu aandike ubaoni: Bwana mmoja wa Muheza anafanya kazi ya ushonaji, naye anaweza kusoma saa 30 kwa juma, kwa majuma 15 ya kila muhula. Atapata krediti ngapi kwa muhula? Atamaliza krediti 360 kwa miaka mingapi? Kisha kila mwanafunzi aandike kazi moja aijuaye, kama kujenga, kusuka mkeka au kupika wali wa nazi, na aonyeshe hatua zipi haziwezi kubadilishana mahali. Majibu tutayasoma juma lijalo, saa hizi hizi. Kwaherini.