Kabla ya Kulipia Kitanda cha Hosteli

Mazungumzo haya yalitolewa kwa wazazi na vijana wa Riruta wanaojiandaa kujiunga na vyuo. Yanachapishwa kwa faida ya wakazi ambao hawakuhudhuria.



Barua ya kuitwa chuoni ikifika katika nyumba ya hapa Riruta, swali la kwanza huwa ni karo. Kisha hufuata sanduku, blanketi na godoro. Swali la mahali kijana atakapolala huja mwisho kabisa, mara nyingi siku mbili kabla ya kuripoti, na hujibiwa kwa simu moja kwa rafiki aliyetangulia. Hapo ndipo pesa hupotea, na wakati mwingine muhula mzima hupotea pamoja nazo.

Vyuo vikuu vya umma havina vitanda vya kuwatosha wanafunzi wote. Ndiyo maana kumezuka mitaa ya hosteli za watu binafsi: Kahawa Wendani kwa wanaosoma Chuo Kikuu cha Kenyatta, Gachororo kule Juja, Njokerio karibu na Egerton, na Ngara kwa wanaosomea katikati ya jiji. Kijana aliyelelewa Kawangware hatashtushwa na ploti yenye vyumba vingi na choo cha kugawana. Kitakachomshtua ni kwamba hakuna mama wa kumwambia azime redio.

Kwa kawaida mzazi hutaka hosteli ya kusoma, kijana hutaka hosteli yenye watu, na nyumba nzima hubishana. Hasara ya hosteli ya kelele inajulikana. Ya hosteli iliyo kimya mno haisemwi sana. Mwanafunzi aliyejifungia bedsita peke yake, mbali na wenzake, huwa wa mwisho kujua kwamba somo limehamishiwa ukumbi mwingine au kwamba mtihani mdogo umeletwa mbele. Akiugua hana wa kumwazima noti. Hana kikundi cha kujadili maswali magumu. Upweke nao humtoa mtu chuoni, tena bila mtu kugundua mapema.

Kinachofaa kutafutwa ni mahali ambapo wenzake wako karibu lakini hawaketi juu ya kitanda chake. Hilo huonekana kwenye jengo lenyewe. Je, pana sebule, jiko la pamoja, au hata uga wenye viti? Kama hakuna, vikao vyote vitafanyika vyumbani, na chumba kitakachogeuka kijiwe ni kile chenye runinga, au kile ambacho mwenyewe hawezi kusema hapana.

Wengi hukagua hosteli saa nne asubuhi, wakati wanafunzi wako darasani. Hata stegi ya 46 pale Kawangware ni tulivu ukiifikia saa tisa usiku. Hosteli ikaguliwe saa tatu usiku, mara moja siku ya kazi na mara moja Ijumaa. Kama chuo kiko mbali, aombwe jamaa anayeishi huko. Asimame getini dakika kumi na asikilize: muziki unatoka ndani au kwenye baa ya jirani? Njia ya kutoka stegi ina taa? Hili la taa ni zito zaidi kwa binti anayetoka maktaba usiku. Maswali ya usiku aulizwe mlinzi, kwa sababu ajenti hulipwa kwa kujaza vitanda, ilhali mlinzi ndiye anayewafungulia geti wanaorudi saa nane usiku.

Papo hapo milango na madirisha yatazamwe. Mwaka 2001 wanafunzi 67 walikufa katika moto wa bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, ambako madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Hosteli yenye mlango mmoja tu na vyuma kila dirishani haifai, hata kama bei yake ni nafuu na jirani zake ni wapole.

Kuhusu baa, kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango cha sauti kinachoruhusiwa mitaa ya makazi hushuka kuanzia hapo. Mwishoni mwa 2022 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo kwenye mitaa ya makazi. Mkazi ana haki ya kulalamika. Lakini mwanafunzi mwenye mtihani kesho hawezi kungoja lalamiko lake lishughulikiwe, kwa hiyo ni heri asihamie hapo tangu mwanzo.

Pesa za mkopo wa HELB aghalabu huingia baada ya muhula kuanza, huku mwenye hosteli akitaka kodi na dipositi kabla ya kutoa ufunguo. Familia hukopa, hulipa muhula mzima kwa mkupuo, kisha baada ya wiki tatu kijana anagundua kwamba hawezi kusoma wala kulala pale. Hawezi kuhama kwa sababu pesa zimeshaliwa. Penye nafasi ya kulipa kwa mwezi, ilipwe kwa mwezi, hata ikiwa ghali kidogo. Risiti ichukuliwe, na sharti la kuhama katikati ya muhula liandikwe. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba pesa zilitumwa. Hauelezi zilikuwa za nini.

Mwenzake wa chumba ana uzito kuliko rangi ya kuta. Wiki ya kwanza, kabla hawajazoeana na kuoneana haya, wakubaliane taa huzimwa saa ngapi, wageni huondoka lini, na kama spika inaruhusiwa.

Wapo pia ambao hawahitaji hosteli. Anayesoma P.C. Kinyanjui hapa hapa Riruta, au Kabete National Polytechnic, anaweza kulala kwao na kuokoa kodi. Ila nyumba ya chumba kimoja yenye wadogo watatu na runinga ina kelele zake. Huyo amalize kazi zake katika maktaba ya chuo kabla ya kurudi nyumbani, kisha jioni iwe ya familia. Wanaosomea katikati ya jiji wana pia Maktaba ya McMillan katika Banda Street, iliyofunguliwa 1931 na inayosimamiwa na kaunti. Matawi yake yako Kaloleni na Makadara, ambako ni mbali kwa mtu wa Satellite. Kwa anayekwenda hadi Kahawa kila siku, matatu mbili kwenda na mbili kurudi, pamoja na msongamano wa Naivasha Road, zitamla jioni yote. Huyo nauli yake ya mwezi ihesabiwe kando ya kodi ya kitanda kabla ya kuamuliwa kwamba nyumbani ni bure.