Joho la Wakili
Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na watu wa mitaa



Katika sikukuu ya yubile huwakumbuka waliotupokea zamani. Nami nataka kuwapa habari za nyumba moja ya Wayahudi wa Ujerumani waliofika Kenya mwaka 1938, ili tufikiri jinsi impasavyo mgeni kupokewa siku zake za kwanza.

Walter Zweig alikuwa wakili katika mji wa Leobschütz. Serikali ya Hitler iliwanyang'anya Wayahudi kazi na haki zao, na baadaye uhai wao. Wengi walitafuta pa kukimbilia, wasipate. Mwezi wa Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa. Wakawahurumia kwa maneno, na karibu wote wakakataa kuwafungulia mlango. Kenya nayo ilipokea wachache tu. Walter alitangulia, akapata kazi shambani huko Rongai, karibu na Nakuru; kisha akafuata mkewe Jettel na binti yao Stefanie, aliyekuwa hajatimiza miaka 6.

Binti huyo alipokuwa mtu mzima aliandika riwaya iliyotokana na maisha hayo, Nirgendwo in Afrika, iliyotolewa mwaka 1995. Humo twasoma kwamba mume aliagiza sanduku la barafu, naye mke akanunua gauni la karamu. Tusimcheke. Mwili wake ulikuwa umefika Rongai, lakini moyo ulikuwa bado kwao, kwa mama na dada aliowaacha. Wala mumewe hakumzidi, kwa maana alikuja na joho lake jeusi la mahakamani. Huko shambani sheria alizozijua hazikumfaa kitu. Akampa joho lile Owuor, mpishi wao, Mjaluo.

Je, ni nani aliyewapokea? Ni Owuor, ambaye hakuwa na cheo wala shamba. Alichokuwa nacho ni lugha, na kicheko, na subira. Alimfundisha mtoto majina ya vitu, na mtoto akaipata nchi kwa njia ya maneno, mapema kuliko wazazi wake. Mama alichelewa sana. Wala hakukosa sababu, kwa kuwa aliyefiwa na nchi yake ana haki ya matanga yake.

Taabu haikwisha. Vita vilipoanza Septemba 1939, watu hao waliomkimbia Hitler walizuiliwa kwa kuwa ni Wajerumani. Barua za kwao zikakoma, na mama na dada wa Jettel hawakuonekana tena. Mwaka 1947 walirudi Ujerumani, na Walter akawa hakimu. Lakini maneno ya Kiswahili hayakumtoka Stefanie. Yamo hata katika kitabu chake cha Kijerumani.

Basi, walimu, mtoto mgeni akiingia darasani mwenu, msimwulize kwanza karatasi zake; mwambieni maji huitwaje hapa, na mlango, na rafiki. Nanyi akina mama na akina baba, mkimwona mgeni ameshika kitu kisichomfaa, msimharakishe akitupe. Huenda ndicho kilichobaki cha nyumba yake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tusingoje serikali ituamuru, Owuor hakungoja.