MANENO YA HALMASHAURI JUU YA KUNUNUA VYOMBO KWA MKOPO

(Yalisemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo yamechapwa humu kwa agizo la mkutano.)



Mweka Hazina amekwisha kuwasomea hesabu, nanyi mmesikia kwamba michango ya kila mwezi imepungua, ijapokuwa idadi ya wanachama haikupungua. Halmashauri iliwaendea wote waliochelewa, mmoja mmoja, ikawauliza sababu kwa upole. Baadhi yao walitaja ugonjwa, na wengine karo za watoto. Lakini wengi walitupa jibu ambalo zamani hatukulizoea: kwamba walikuwa wakilipia simu au televisheni waliyoichukua kwa mkopo. Kwa hiyo tumeona inatupasa kulisema jambo hili mbele ya watu wote, wala si kulinong'ona pembeni.

Kwanza twataka ijulikane kwamba hatukusimama hapa kuwacheka wenye kutamani vyombo. Baba zetu walitamani baiskeli, cherehani na gramafoni, na hakuna aliyewaita wapumbavu. Tena simu ya mkononi si pambo tu. Tangu mwaka 2007, ilipoanza huduma ya M-Pesa katika nchi yetu, fedha za watu wengi hupita humo. Kibarua huitwa kazini kwa simu, hulipwa kwa simu, na mama aliye kijijini hupokea matumizi kwa simu. Mwenye kumwambia maskini akae bila simu amwambia akae bila mlango. Hata televisheni huwaweka watoto nyumbani jioni, na hilo si jambo dogo mahali tunapoishi.

Tena yafaa tukumbuke tulikotoka. Katika mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliweka sheria kwamba mkopo uliozidi Shs. 200 aliopewa Mwafrika na mtu asiyekuwa Mwafrika usidaiwe mahakamani, ila kwa mkataba uliokubaliwa na ofisa wa serikali. Ilisemwa kwamba sheria ile ilikuwa ya kumlinda Mwafrika. Kwa kweli ilimfungia njia mfanya biashara wetu, maana hapakuwa na mwenye mali aliyetaka kumkopesha. Basi wazee waliodharauliwa kwa kunyimwa mkopo wana haki ya kufurahi waonapo wajukuu wao wakikopeshwa bila kuulizwa rangi. Lakini mambo yamegeuka mno. Zamani tuliutafuta mkopo tukaukosa. Siku hizi mkopo hututafuta wenyewe, hata kitandani, hata usiku.

Ndugu zetu, hebu sasa tuitazame hesabu. Mwanachama mmoja, ambaye ametupa ruhusa kulisema jambo lake bila kulitaja jina lake, alituletea karatasi zake. Yeye ni kibarua wa ujenzi. Siku ya kazi hulipwa Shs. 600, na kwa kawaida hupata siku tano katika juma, yaani Shs. 3,000. Alichukua televisheni kwa kutoa Shs. 2,500 za mwanzo, kisha Shs. 80 kila siku kwa majuma 52. Muuzaji alimwambia, “Themanini tu, Mzee! Ni bei ya chai na maandazi.” Naye aliona ni kweli.

Shs. 80 kwa siku ni Shs. 560 kwa juma. Hiyo ni karibu ujira wa siku nzima. Kwa majuma 52 ni Shs. 29,120. Ongeza zile za mwanzo, jumla ni Shs. 31,620. Tulimtuma karani wetu mjini kuuliza bei ya televisheni kama ile ile kwa fedha taslimu. Akaambiwa Shs. 17,500. Basi ziada ni Shs. 14,120.

Sasa sikilizeni jambo la pili. Kama ndugu huyu angaliziweka zile Shs. 2,500, na kuongeza Shs. 560 kila juma, katika juma la 27 angalikuwa na Shs. 17,620. Angaliinunua televisheni yake, akaichukua nyumbani, na Shs. 120 za nauli mkononi. Kwa hiyo yale majuma 25 yaliyosalia hakuyafanyia kazi televisheni. Aliyafanyia kazi haraka yake. Wala hatusemi haraka haina bei. Muuzaji naye ana gharama zake, na wako wasiomlipa. Twasema tu kwamba mnunuzi yampasa aijue bei hiyo kabla ya kutia sahihi, naye hakuijua. Wazee husema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, ila inafaa kuuliza kibaba kinachojazwa ni cha nani.

Lakini si hasara ya fedha peke yake iliyotufanya tusimame leo. Katika juma la 30 mvua zilizidi, na kazi ya ujenzi ikasimama. Ndugu yetu alikopa Shs. 2,000 kwa simu ili asipitwe na siku za malipo. Mikopo hii ya simu ilipoanza nchini mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Mtu aonapo Shs. 150 juu ya Shs. 2,000 huona ni kidogo. Lakini akiurudia mkopo ule kila mwezi, baada ya mwaka amekwisha kulipa Shs. 1,800 za ada, na zile 2,000 bado anadaiwa. Ndivyo alivyofanya: alikopa huku alipe kule. Na katika kupunguza matumizi, kitu cha kwanza alichokiacha kilikuwa mchango wa Chama, kwa kuwa Chama hakimzimii mtu taa.

Baada ya miezi mitatu mama yake mzazi alifariki dunia.

Wote mwaijua kanuni yetu: aliyeacha kuchanga miezi mitatu hana haki katika Mfuko wa Maziko. Halmashauri ilikwenda kuhani. Tulikaa katika chumba kile, wanaume kwa wanawake, na mbele yetu, juu ya kabati lililofunikwa kitambaa safi, ilikuwapo ile televisheni. Ilikuwa nyeusi. Mwenye kuiuza alikuwa ameifunga kwa mbali, pasipo kuja wala kubisha hodi, kwa sababu malipo yalikatika. Wakati ule ndugu yetu alikuwa amekwisha kulipa Shs. 19,300, yaani kupita bei ya taslimu, na hata hivyo hakuweza kuiwasha, wala hakuweza kuiuza ili amzike mama yake. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ile tuliyaona matanga yenyewe.

Tulizitoa kofia zetu tukachangisha palepale, na marehemu alizikwa kwa heshima. Lakini kanuni tuliifuata, na senti ya Mfuko hatukuigusa. Wako waliotusifu, na wako waliotuita wagumu wa moyo. Sisi wenyewe mpaka leo hatuna raha kamili. Kama tungalimwuliza mwezi wa kwanza kwa nini hakuchanga, pengine tungaliyajua mapema. Hatukumwuliza, kwa kuwa tuliona televisheni mpya nyumbani kwake tukadhani mambo yake ni mema. Kosa hilo ni letu, nasi twaliungama mbele yenu.

Wengine watauliza, Je, sheria haimlindi mnunuzi? Ipo sheria ya mwaka 1968, Sura ya 507 katika Sheria za Kenya, ihusuyo vyombo vinavyochukuliwa na kulipiwa kwa awamu. Kwa mkataba unaoingia chini yake, mnunuzi akiisha kulipa theluthi mbili ya bei yote, mwenye mali hawezi kukinyakua chombo ila kwa kushitaki mahakamani. Theluthi mbili ya Shs. 31,620 ni Shs. 21,080, ndugu yetu alikuwa amepungukiwa na Shs. 1,780 tu. Lakini angalieni: sheria ile ilitungwa zama ambazo mwenye duka alikuja na mkokoteni, akakibeba chombo mchana, majirani wakiona. Siku hizi chombo chabaki mezani, nacho kimekufa. Kwa hiyo mtu asiitegemee sheria kumwokoa baada ya kutia sahihi. Ulinzi wake wa kwanza ni kuuliza kabla.

Basi Halmashauri yawaombeni kila mmoja aulize maneno manne mbele ya muuzaji, na majibu yaandikwe. La kwanza: bei ya taslimu ni ngapi? La pili: nikiisha kulipa yote, jumla itakuwa ngapi? La tatu: nikikosa kazi mwezi mmoja, chombo changu kitafanywa nini, na fedha nilizokwisha lipa zitakuwaje? La nne: jina langu litapelekwa kwa wenye kuandika orodha ya wadaiwa? Muuzaji mwema atajibu. Asiyetaka kujibu amekwisha kujibu.

Tumepokea pia barua ya wanachama kadha wakiomba Mfuko wa Maziko uwakopeshe ili wamalize madeni ya simu zao. Tumeifikiri sana. Jibu letu ni kwamba haiwezekani. Fedha zile ni za wafu wetu na wajane wetu. Tukizitoa kwa ajili ya vyombo, siku ya msiba tutakutana mikono mitupu. Lakini hatutaki kusema hapana tukakaa kimya. Twaleta mashauri mawili, nayo yatapigiwa kura leo.

Shauri la kwanza ni Kikundi cha Vyombo, mbali kabisa na Mfuko wa Maziko. Watu 12 wanaojuana watachanga Shs. 1,000 kila mmoja kwa mwezi. Kila mwezi Shs. 12,000 zitapatikana, na mmoja wao ataenda dukani na taslimu yake, pamoja na karani wa Chama, anunue simu isiyo na kufuli ya mtu. Atakayetangulia ni yule ambaye simu ni jembe lake la kazi. Kila mmoja atakuwa na wadhamini wawili, maana hatujasahau kwamba wako watu wapokeao kwanza kisha wakasahau njia ya mkutanoni. Wa mwisho atangoja mwaka mzima. Lakini hatalipa hata shilingi moja ya ziada, na mwaka huo akipatwa na shida atakuwa na watu 11 wa kumsikiliza. Mashine haina masikio.

Shauri la pili lahusu kanuni ya miezi mitatu. Hatuombi ifutwe, kwa maana Chama kisicho na kanuni hakidumu. Twaomba iongezwe kwamba mwanachama akikosa mwezi mmoja tu, wazee wawili wamwendee nyumbani, si kumdai, bali kumwuliza hali. Akieleza shida yake kwa kweli, Halmashauri iweze kumpa muda bila kuipoteza haki yake.

Kwa akina mama na vijana twaongeza neno moja. Mwanachama asione haya kukaa na simu ya zamani yenye vibonye, wala kuisikiliza redio wakati jirani anaangalia televisheni. Haya ya kweli ni ya sisi wenzake, tukimpima mtu kwa kioo kilicho ukutani pake badala ya kumwuliza kama watoto wamekula.

Ndugu yetu tuliyemtaja yumo katika mkutano huu. Amelipa michango yake yote ya nyuma, na ameomba jina lake liwe la kwanza katika Kikundi cha Vyombo, ila awe wa mwisho kupokea. Twamshukuru, nasi twawaombeni kura zenu.

Ni sisi watumishi wenu,
Halmashauri ya Chama