Mtoto Aliyetulia Mbele ya Watu

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya watoto wenye usonji, na hasa wale ambao shida yao haionekani na watu.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana, wala si pepo. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyojengeka tangu awali. Daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii mwaka 1943. Mtoto mwenye usonji huona shida kufuata mizaha na desturi za mazungumzo. Hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule. Mara nyingi kelele, mwanga mkali, au sweta inayowasha humtesa kuliko tudhanivyo.

Wako ambao hutambulika upesi. Lakini wako wengine, na wasichana wengi wamo, ambao hujifunza kuficha. Mtoto wa namna hii huwatazama wenzake, akacheka wanapocheka hata kama hakuelewa kinachochekesha. Hujilazimisha kumtazama mwalimu machoni. Mikono yake ikitaka kutikisika, huibana. Darasani ametulia, na mwalimu humsifu.

Kisha kengele ya jioni hulia, naye hurudi nyumbani. Afikapo hutupa mkoba, hujibwaga chini, hulia na kupiga mateke, kwa sababu tu kikombe chake kimetumiwa na mwingine. Mama akienda shuleni kuuliza, huambiwa, "Hapa hana shida yo yote, mama. Labda mnamdekeza." Majirani nao husema kwamba hajachapwa vya kutosha.

Ndugu zetu, wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtoto huyo si mwema shuleni na mbaya nyumbani. Amebeba mzigo mchana kutwa, akautua mahali anapojua kwamba hatafukuzwa. Machozi yale ni ya uchovu. Kwa hiyo, mama anaposema kuna jambo, na tumwamini. Wanaoficha hivi kwa miaka mingi huchoka mno, huingiwa na hofu na huzuni, na wengine hufikia hata kutamani kufa. Hili si jambo dogo.

Mnakumbuka Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese kumtafuta mfalme. Alimwona Eliabu, kimo chake na sura yake, akadhani ndiye. Mungu akamwonya kwamba macho ya mwanadamu huishia nje, lakini yeye huuona moyo. Ikiwa nabii alihitaji somo hilo, sisi je?

Basi tufanye nini? Nyumbani, mtoto atokapo shuleni, tusimwulize maswali mengi, wala tusimtume dukani papo hapo. Apewe chai yake na nusu saa ya kimya. Shuleni, mzazi na mwalimu waketi pamoja, kila mmoja aeleze ayaonayo, pasipo kushindana. Kisha mtoto apelekwe kwenye kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivyo vilianzishwa hapa Kenya mwaka 1984. Mwalimu mkuu au ofisi ya elimu iliyo karibu nanyi ndiyo ya kuulizwa njia.

Na kanisani? Katika Shule ya Jumapili, asilazimishwe kusimama mbele ya watu na kusema mstari kwa moyo, wala kumpa mkono kila mzee. Aketi karibu na mlango, mbali na vipaza sauti, na aambiwe mapema ni jambo gani litafuata. Akitikisa mikono yake, aachwe aitikise; hamdhuru mtu.

Wapenzi, tusiridhike tu kwa kuwa mtoto ametulia. Tuulize utulivu huo ameununua kwa bei gani. Nyumba ya Mungu na iwe mahali ambapo mtoto hana haja ya kujificha, na ambapo mama yake anaweza kuketi bila kuona haya.

Bwana awatie nguvu wazazi wote wenye mzigo huu, na walimu wanaowasaidia, juma hili lote. Amina.