Siha na Majira: Mazoea ya Kila Siku katika Nchi ya Meru na Embu



Desturi ya wanaozungumza juu ya siha ni kumwelekea mtu mmoja mmoja, wakamhimiza aamke mapema, ale mboga, atembee na alale kwa wakati, kisha akishindwa wakamlaumu kwa udhaifu wa azma yake. Nami, kwa idhini yenu, nadai kwamba aghalabu lawama hiyo haimstahili, kwa maana mazoea mema hayakai kifuani mwa mtu peke yake, bali hukaa katika kazi yake, katika majirani zake na katika majira ya nchi yake, na haya yakigeuka pasipo mazoea kupewa mahali papya pa kushika, hukatika, hata mwenyewe awe na nia thabiti namna gani.

Tuitazame nchi yenyewe. Anayeshuka kutoka mashamba ya chai yaliyopakana na msitu wa Mlima Kenya, akapita kwenye kahawa ya Runyenjes, hata akafika Siakago katika nyanda kavu za Mbeere, huwa amepita katika hali mbalimbali za hewa kabla jua halijatua. Mvua za masika, Machi hata Mei, na za vuli, Oktoba hata Disemba, huwafikia wote, ila si kwa kadiri moja, na watu wa Mbeere na Tharaka huziamini zaidi zile za vuli. Kati ya misimu hiyo miwili huingia kipupwe cha Juni hata Agosti, ambapo ukungu na manyunyu hukaa juu ya miteremko siku nyingi mfululizo, watu wakajikusanya jikoni penye moshi wa kuni, wazee na watoto wachanga wakaugua vifua, na chai ya maziwa ikanywewa pasipo hesabu ya vikombe wala ya sukari. Kumwambia ajuza wa Manyatta atembee alfajiri ya Julai kama atembeavyo Februari ni kumtakalifisha pasipo huruma. Afadhali matembezi yake yahamishiwe adhuhuri, ukungu ukiisha kupanda, na jiko lake litobolewe dirisha.

Kwamba mazoea hukaa katika kazi na majirani, wahenga wa Meru walilijua jambo hili pasipo kuliandika. Kijana aliyeingia katika daraja ya nthaka, yaani askari vijana, alihamia gaaru, nyumba ya rika lake, ambako alilala, akala na akafanya kazi pamoja na wenziwe, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha kuunyosha mwili. Alipooa, akapanda daraja, wajibu wake ukageuka, na pamoja na wajibu ukageuka mwendo wa siku yake. Mama aliyejifungua alipikiwa uji na maharagwe ya njahi, na wanawake wa jirani wakamchukulia kuni na maji hata apate nguvu. Sisemi haya kwa kuusifu wakati uliopita kupita haki yake, kwani ulikuwa na njaa zake na vifo vingi vya watoto, na mwanamke aliyebeba kuni mgongoni kwa ukanda uliopita utosini hakuwa akifanya mazoezi, alikuwa akichakaa. Nasema tu kwamba kila mlango wa umri ulikuwa na watu waliosimama kumpokea aingiaye.

Leo milango ni ileile lakini wapokezi wametawanyika. Tangu miaka ya 1930, Meru na Embu zilipokuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini Kenya ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa, fedha ilianza kuingia nyumbani kwa msimu, na meza ikafuata fedha: mtama, uwele, viazi vikuu na nduma vikapisha mahindi, na mkate ukapanda milima pamoja na barabara. Kijana aliyetembea kwenda shule hupanda bodaboda mara apatapo kazi Maua au mjini Embu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uliona kwamba takriban robo ya watu wazima wa Kenya walikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua, kwa kuwa maradhi haya huingia bila kubisha hodi.

Na miraa? Mhadhara juu ya mazoea usioitaja miraa hapa ungekuwa wa kuogopa wenyeji. Huko Igembe ilikuwa na ada zake: wazee waliitafuna barazani, na furushi lake lilipelekwa katika posa. Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014, kilio kikubwa kilikuwa juu ya soko, na ni haki ya mkulima kulia. Lakini wachache ndio waliouliza habari za kijana anayetafuna usiku kucha, asiyeona njaa wala usingizi, naye hana mzee wa kumwambia imetosha. Mti ni uleule, ila ada zilizouwekea mipaka zimeondoka, nami naona hasara yetu iko hapo zaidi kuliko katika majani.

Mlango tunaousahau kuliko yote ni wa kustaafu. Mwalimu aliyesimama darasani zaidi ya miaka thelathini huagwa kwa hotuba, pilau na kochi, naye kesho yake hulikalia kochi hilo, kwa kuwa ndilo tulilompa. Wenziwe wangemfaa zaidi lau siku ileile wangemkabidhi kazi yenye saa na miguu ndani yake: kupima matone ya mvua kila asubuhi kwa ajili ya wakulima wa mtaa, au kuzungukia mara moja kwa juma nyumba za wazee wanaotumia dawa za shinikizo, akiuliza kama zimemezwa, na akisubiri jibu mpaka aone kikombe cha maji kimeletwa.