Kodi ya Bando Inapofika Bwaise

Bwaise, mtaa wa Kampala, Uganda, uko bondeni, karibu na mfereji wa Lubigi, na mvua kubwa ikinyesha maji huingia majumbani. Mahali kama hapo, ujumbe wa WhatsApp unaoyatangulia maji si anasa. Ndiyo maana kodi ya Julai 2018, shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, ilistahili kupimwa kwa mfuko wa mchuuzi wa Bwaise, si wa mwenye ofisi Kololo, mtaa wa matajiri. Watetezi wake walisema shilingi 200 ni kidogo, na serikali inahitaji mapato. Mapato yanahitajika, kweli. Lakini anayenunua bando la siku kwa siku alilipa sawasawa na tajiri, na wengi wakakimbilia VPN ili kuikwepa, ambayo, cha kuchekesha, nayo hula bando.

Mwaka 2021 kodi hiyo ilifutwa, ikaja ya asilimia 12 juu ya data. Hii angalau hufuata kiasi cha matumizi. Ila sasa hata anayesoma habari au kutafuta kazi hukatwa, na VPN haimsaidii tena.