Fremu Nene au Nyembamba?



Leo naomba radhi mapema, kwa sababu nitazungumza juu ya mlango. Si mlango wa siasa, wala mlango wa riziki. Ni mlango hasa, wa alumini na kioo, wa kutoka sebuleni kwenda barazani, ambao kwa muda wa wiki tatu umetufanya mimi na mama watoto tule chakula cha jioni kimya kama watu walio msibani.

Nyumba yetu iko Kigamboni, si mbali na bahari. Ni nyumba ya mstaafu, yaani imejengwa kama kinyonga anavyotembea: msingi mwaka huu, kuta mwaka wa tatu, paa siku mkopo ulipopatikana. Tulihamia kabla haijaisha, kama wengi wenu mlivyofanya. Ukuta unaotazama bahari ulibaki na uwazi wa mita 3.6 kwa upana na mita 2.1 kwa urefu, na uwazi huo tukauziba kwa mabati yaliyobaki. Upepo wa kusi ukivuma, mabati hayo hupiga ngoma usiku kucha. Mama yangu mzazi, ambaye ana umri wa miaka 81 na anatembea kwa mkongojo, hutoka kwenda barazani kwa kupitia mlango wa jikoni, akikwepa majiko na ndoo.

Basi fedha kidogo ilipopatikana nikamwita fundi wa alumini. Mama Rehema alikwisha kusema zamani kwamba pale anataka mlango wa kukunja, ule wa vipande vingi vilivyoungwa kwa bawaba, ambavyo hukunjwa vyote pembeni na ukuta mzima ukawa wazi. Msidhani ni jambo geni sana. Aliyepita Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye mitaa ya maduka, ameiona milango ya mbao ya Kigujarati: vipande virefu vinavyokunjwa pembeni asubuhi, na duka zima likawa linatazama barabara. Kilichobadilika ni kwamba mbao zimekuwa alumini, na palipokuwa na ubao sasa pana kioo.

Fundi akaja na vipande vya mfano katika mfuko wa sandarusi, akavipanga juu ya meza. "Mzee," akasema, "hii ni fremu ya kawaida, na hii ni fremu nyembamba. Nyembamba ndiyo ya kisasa." Mama Rehema akaishika ile nyembamba, akaigeuza, akaitazama kama mtu anayetazama kanga mpya. Nikajua nimekwisha.

Kisha fundi akataja bei. Ile nyembamba ilizidi ile ya kawaida kwa karibu robo. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwenzangu alisema ukijenga nyumba mara moja katika maisha yako usihesabu robo. Mimi nilisema robo ile ni tangi la maji. Kila mmoja wetu alikuwa na haki yake, na kwa hiyo hakuna aliyekubali.

Usiku nilichukua karatasi na futi kamba nikaanza kupima. Katika mlango wa kukunja, unene wa fremu unauona zaidi pale vipande viwili vinapokutana, kwa sababu hapo fremu mbili zinasimama bega kwa bega. Kwenye mfano wa kawaida, maungio hayo yalikuwa na upana wa milimita 130. Kwenye mfano mwembamba, milimita 100. Tofauti yake ni milimita 30, upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Fundi alikuwa amekisia vipande vinne, kila kimoja sentimita 90. Vipande vinne vina maungio matatu. Mara tatu sentimita 3 ni sentimita 9. Kumbe wiki tatu za kununiana zilikuwa za upana wa kiganja kimoja cha mkono, katika uwazi wa sentimita 360. Ni asilimia mbili na nusu. Pembeni huongezeka kidogo, lakini si cha kusimulia.

Na hiyo ni pale mlango unapofungwa. Ukishaukunja, fremu zote, nene na nyembamba, zimesimama pembeni kama vitabu kwenye rafu, na bahari ni ile ile.

Nikajiuliza, hivi aliyebuni fremu nyembamba alikuwa mjinga? La hasha. Mjini London mwezi Desemba mchana ni wa saa nane hivi tu, na baridi inamlazimu mtu kuufunga mlango wake miezi mingi ya mwaka. Mtu wa huko humwona jirani na mti wake kwa kupitia kioo kilichofungwa, na kila kidole cha mwanga kina thamani kwake. Sisi Dar es Salaam mchana wetu haupungui saa kumi na moja na nusu mwaka mzima, na wazee wetu walijenga mabaraza yenye paa refu ili kulizuia jua lisiingie ndani. Tunanunua jibu la swali ambalo hatukuulizwa. Hali kadhalika ule ukanda wa plastiki ngumu ambao baadhi ya fremu za Ulaya huwa nao katikati ya alumini. Kazi yake ni kuzuia baridi ya nje isipenye hadi ndani. Kama chumba chako hakina kiyoyozi, hauna kazi kubwa kwako.

Asubuhi nikamweleza Mama Rehema hesabu yangu kwa ushindi mwingi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Baba Rehema, chumba chetu cha Magomeni kilikuwa na dirisha ngapi?" Nikasema moja. "Lilitazama nini?" Lilitazama ukuta wa choo cha jirani, wasikilizaji, na tulikaa hapo miaka kumi na saba, tukazaa na kulea. "Basi usinipimie bahari kwa sentimita," akasema, akaenda zake kuchambua mchele.

Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Jioni nikarudi kwa fundi, si kwa ajili ya bei, bali kumuuliza maswali ambayo ningepaswa kumuuliza siku ya kwanza.

La kwanza lilikuwa uzito. Kioo chenye unene wa milimita 6 kina uzito wa kilo 15 kwa kila mita moja ya mraba. Kipande kimoja cha sentimita 90 kwa mita 2.1 kinabeba kilo 28 za kioo peke yake, kabla hujaweka alumini. Vipande vinne vinapita kilo 110. Uzito huo unakaa wapi? Kuna milango inayoning'inia kwenye reli ya juu, na hapo mzigo wote unabebwa na lenta. Kuna mingine inayosimama juu ya vigurudumu kwenye reli ya chini, na hapo sakafu ndiyo inayobeba. Lakini hata hii ya pili haitaki lenta inayopinda. Ninamjua jirani mmoja ambaye mlango wake ulifunguka vizuri kwa miezi michache, kisha akaongeza tangi la maji juu ya paa, lenta ikashuka kidogo tu, na tangu siku hiyo mlango anausukuma kwa bega. Hakuna fremu, nene wala nyembamba, itakayokuokoa na lenta dhaifu.

La pili, chumvi. Alumini haipati kutu nyekundu kama chuma, na ndiyo maana sisi watu wa pwani tunaipenda. Hata hivyo chumvi ya bahari huitoboa vishimo vidogo vidogo, hasa rangi yake ikiwa imechubuka. Hatari kubwa zaidi ni skrubu. Skrubu ya chuma cha kawaida ikikaa ndani ya alumini penye unyevu wa chumvi, metali hizo mbili zinakula njama, na alumini ndiyo inayoliwa. Uliza skrubu na bawaba za chuma kisichoshika kutu, na kwa karibu na bahari iwe ile daraja ya 316, si ile ya bei rahisi. Hapo ukimwona fundi anaanza kutazama pembeni, mtafute mwingine. Wangu, namshukuru Mungu, alitazama mbele.

Na kuna saruji. Saruji mbichi huiunguza alumini, ikaacha madoa ambayo hayatoki. Kwa hiyo lipu ipigwe kwanza, mlango uje baadaye, au fremu ifunikwe kwa karatasi za gundi mpaka mafundi wa lipu wamekwenda zao.

La tatu, jua. Fremu nyeusi, ambayo siku hizi ndiyo inayopendwa, ikipigwa na jua la saa nane hupata moto mpaka huwezi kuishika. Alumini ikipata moto hurefuka. Fremu ya mita 3.6 ikiongezeka joto nyuzi 30, inarefuka karibu milimita mbili na nusu. Fundi asiyeacha nafasi ya kupumua atakuachia mlango unaofunguka asubuhi na kukwama mchana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinichekesha. Nilitembelea nyumba moja yenye fremu nyembamba kabisa, nzuri kama picha. Nyuma ya vioo vile mwenye nyumba alikuwa amesimamisha nondo za geti kutoka juu hadi chini, kila baada ya sentimita 10, kwa hofu ya wezi. Simlaumu, nami nina hofu hiyo hiyo. Lakini alikuwa amelipa fedha ili asizione fremu tatu, kisha akalipa fedha nyingine ili aone nondo thelathini na tano.

Na mbu je? Mlango wa mita 3.6 ukiwa wazi saa kumi na mbili jioni, mbu wa mtaa mzima wamekaribishwa. Wavu wa kufunika uwazi mkubwa namna hiyo, wa kukunja au wa kuvuta, si bei ya mchezo, na makisio ya fundi hayakuutaja hata kidogo. Bila wavu utaufunga mlango kila magharibi, utawasha feni, na LUKU itaanza kulia.

Nilipofika kwenye swali la mwisho ndipo mambo yalipogeuka. Nilimuuliza fundi, "Kwa nini vipande vinne?" Akasema ndivyo watu wanavyoweka. Nikamuuliza, "Vikiwa vitatu?" Akakuna kichwa. Vipande vitatu vya sentimita 120 vina maungio mawili tu. Kwa fremu ya kawaida, maungio mawili ni milimita 260. Fremu nyembamba ya vipande vinne, yenye maungio matatu, ni milimita 300. Maana yake, ile fremu nene ya bei nafuu, ikipunguzwa kipande kimoja, inampa Mama Rehema bahari nyingi kuliko ile nyembamba ya bei ghali!

Fundi alikubali kwa shingo upande, na alikuwa na sababu. Kipande cha sentimita 120 kitabeba karibu kilo 38 za kioo badala ya 28, kwa hiyo bawaba ziwe nzito na vigurudumu viwe vya kweli. Fremu ya kawaida aliyokuwa nayo inahimili upana huo. Ile nyembamba, alisema mwenyewe, asingethubutu.

Halafu akaongeza jambo ambalo sikulifikiria. Vipande vinne vikikunjwa vyote upande mmoja, hakuna hata kimoja kinachoweza kufunguka peke yake kama mlango wa kawaida. Ukitaka kutoka, unakunja. Vikiwa vitatu, kile cha mwisho kinafunguka chenyewe kwa kitasa chake, na vingine vinabaki vimefungwa. Nikamfikiria mama yangu na mkongojo wake, alfajiri, anataka kukaa barazani na uradi wake. Angekunja mlango wa zaidi ya kilo mia moja? Tukakubaliana pia kwamba reli ya chini izamishwe sakafuni, pasiwe na kizingiti cha kumkwaza, na pachimbwe mfereji mdogo wa kutoa maji ya masika. Paa la baraza letu ni refu, mvua haifiki mlangoni ila ya upepo. Asiye na paa asijaribu.

Mama Rehema nilimpelekea karatasi yenye hesabu zote mbili. Hakuniambia kwamba nimeshinda, wala mimi sikudai. Aliuliza, "Kwa hiyo kioo kinaongezeka?" Nikasema kinaongezeka sentimita nne. Akasema, "Basi agiza." Ile robo iliyookolewa imegawanywa: sehemu kwenye lenta, ambayo imevunjwa na kumwagwa upya kwa nondo nene zaidi, sehemu kwenye wavu wa mbu, na sehemu kwenye kioo cha tabaka mbili chenye utando katikati, ambacho kikipigwa jiwe kinapasuka lakini hakianguki. Tangi la maji litasubiri. Geti la nondo nalo litakuwepo, lakini la kukunja, la kufungwa usiku na kusukumwa pembeni mchana.

Fundi ameahidi mwezi ujao. Nyinyi mnajua ahadi za mafundi, na mabati bado yapo yanaimba. Jana jioni Mama Rehema alipima ule uwazi kwa futi kamba yangu, pole pole, kutoka kona hadi kona. Nikadhani anahakiki hesabu zangu. Kumbe alikuwa anataka kujua aende Kariakoo kununua kitambaa cha mapazia mita ngapi.